Tengeneza podi ya Ben Quadinaros kwa ndara za pwani, na ivunjike vile inavyotakiwa

Kila mtu akitaka kutengeneza kitu cha zile mbio za podi, vile vigari vinavyovutwa na injini, kwenye muvi ya Star Wars Episode I, ile ya 1999, anakimbilia podi ya Anakin ama ya mpinzani wake Sebulba. Sawa, ni nzuri, lakini ukishaimaliza unaiweka juu ya kabati inakula vumbi basi. Mimi nawaambia tengenezeni ya Ben Quadinaros. Yule jamaa wa sayari ya Tund, kabila lao Toong, kichwa kikuubwa shingo hana, ambaye siku ya hizo mbio, zinaitwa Boonta Eve, hata kuondoka hakuondoka. Wenzake podi zao zina injini mbili mbili, yeye ana nne, inaitwa BT310 Quadra-Pod, injini zimekaa kwa umbo la X. Sasa mbio zinaanza, injini zinakataa, Anakin naye amezimikiwa lakini anawasha anakwenda zake, Ben amebaki peke yake pale anahangaika, alafu zikikubali kuwaka zinazunguka kwa fujo zinakatika na kila moja inaruka na njia yake, podi imebaki haina wa kuivuta inaanguka puu. Ni kipande kifupi sana kwenye muvi lakini watoto wa mtaani kwetu hapa Lamu wakifika hapo lazima urudishe nyuma.

Kwa hivo podi ya Ben ambayo haivunjiki si ya Ben. Kazi yote iko hapo, itengeneze ikatike yenyewe, alafu uichomeke tena upya.

Ndara hununui. Nenda upande wa bahari kuu, kule Shela ukipita mahoteli ukaendelea na ufuo, ama vuka Manda, utaokota mpaka uchoke. Na usiseme ndara ni kitu cha kitoto, lile jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki ya kuokotwa, tani 10 hivi, na ndara 30,000 zimevishwa juu, likashushwa majini 2018 na 2019 likaenda kwa tanga mpaka Zanzibar. Sasa wewe podi ya shibiri moja ikushinde kwa nini. Chagua zile ngumu kidogo, zilizokaa juani sana zinamung'unyika ukizikata. Zioshe kwa maji baridi ya bombani si ya bahari, chumvi ikibaki gundi haishiki, na uzianike kivulini.

Vitu vingine: spoku moja ya baiskeli ya mtoto pamoja na nati yake ndogo ya mwisho, ganda la kalamu ya biki, kifungo cha shati, vizibo viwili vya chupa ya maji, vijiti vya mishkaki, uzi wa kushonea nyavu, kipande cha tyubu iliyokufa, sabuni ya kipande, na gundi ya mafundi viatu. Gundi hii ina utaratibu wake, unapaka pande zote mbili, unaacha mpaka ukigusa haikunati kidoleni, ndio unabandika na kukandamiza. Ukibandika ikiwa bichi itateleza na utailaumu bure. Kaa mahali pana hewa, harufu yake inapanda kichwani.

Anza na injini. Chora duara kwa sarafu ya shilingi 20, kata vitano, bandika kimoja juu ya kimoja, umepata injini moja. Zote nne hivo hivo. Mbele unaweza kuchonga mdomo kidogo, nyuma ukaziba na kipande cha rangi nyingine, urembo ni wako mimi sitaingilia. Lakini uzito, hapo usicheze. Injini nne lazima ziwe sawa sawa, moja ikiwa nzito kitu chote kitakutetemekea mkononi hata kabla hakijashika kasi. Chukua kijiti kirefu, kifunge uzi katikati kining'inie, tundika injini mbili huku na huku, inayozama ipunguze kwa wembe, alafu linganisha na zile nyingine. Kama una jirani sonara mwombe mizani yake dakika mbili, atacheka lakini atakupa.

Kisha chomeka kijiti cha mshkaki ubavuni mwa kila injini, katikati ya urefu wake, sio kwenye mdomo. Hapa gundi tele, hiki hakitakiwi kutoka. Kibaki nje urefu wa kidole gumba hivi.

Sasa kitovu, yaani pale katikati zinapokutana. Kata duara mbili za ukubwa wa mdomo wa glasi ya chai sehemu ya kisigino, bandika pamoja. Pembeni kwenye unene wake tia alama nne za kuelekeana na utoboe matundu kwa msumari, kuingia ndani kama inchi moja. Vijiti vya injini vitaingia humu, na humu HAKUNA gundi. Narudia kwa sababu kuna watu wakishika chupa ya gundi hawajui kuacha.

Spoku unajua ule upande mmoja ina kichwa kimepinda? Hicho kichwa ndio siri. Toboa kizibo kimoja, pitisha spoku, kisha ipite katikati ya kitovu mpaka kile kipindo kikamate kizibo, kifunge kwa waya mwembamba na umwagie gundi ili spoku ikizunguka kitovu kizunguke nayo. Upande wa pili weka kizibo kingine, acha nafasi ya vidole vitatu spoku ikiwa tupu, alafu ipite ndani ya ganda la biki, mwisho kifungo cha shati na ile nati. Ganda likiwa refu likate. Likiwa fupi spoku itachezacheza mbele nyuma, ongeza kipande. Ile nafasi ya vidole vitatu izungushie utepe wa tyubu, chuma kitupu kinateleza uzi haushiki.

Kuzungusha ni ule ule mtindo wa pia, uzi unauzungusha pale kwenye tyubu, mzunguko wa kwanza unakanyaga ncha yake, hufungi fundo. Shika ganda la biki mkono mmoja limelala, kitovu kiangalie mbele, mkono wa pili vuta mara moja kwa nguvu mpaka uzi utoke wote.

Kabla ya hapo sugua vijiti kwenye sabuni kavu. Injini zikitoka mapema kabla hazijashika kasi, tundu limelegea, zungushia kijiti uzi mwembamba mara moja. Zikigoma kabisa, piga kijiti msasa. Na usisumbuke kutaka zitoke zote kwa pamoja, moja ikishatoka kitovu kinapoteza mizani kinaanza kuyumba, zile tatu zinatikiswa mpaka zinafuata. Ndio maana inapendeza kuliko ungepanga wewe.

Jambo la muhimu kwa watazamaji. Watu wanadhani pa hatari ni mbele, kumbe injini zinaruka kwa ubavu, kushoto, kulia, juu na chini, kwa sababu kitu kinachozunguka kikiachiliwa kinakwenda na mstari wa pale pale kilipokuwa kinaelekea. Kwa hivo watoto wakae nyuma yako ama mbele mbali kidogo, ubavuni asiwepo mtu, na macho yako pia yasiwe usawa wa kitovu. Ndara ni laini ila kile kijiti kina ncha, kivike kipande kidogo cha tyubu kama wako wadogo. Usifanyie forodhani wakati punda wanapita na mizigo, mwenye punda hatakuelewa ukimwambia habari za Tatooine, sayari ya zile mbio.

Podi yenyewe, pale Ben anapokaa, ichonge kwa kisigino kimoja na uifunge chini ya ganda la biki kwa nyuzi mbili. Ganda halizunguki kwa hivo Ben anabaki ametulia anatazama injini zikimwacha. Ukitaka na yeye aanguke, fundo la kuvutika tu, ukivuta uzi anashuka. Mwili wake usikupe shida, kichwa kiwe ndio sehemu kubwa, mikono mirefu myembamba, miguu mifupi, shingo usiweke. Uso wa wasiwasi, huyu si mtu wa kujiamini.

Ukiwa na moyo zaidi jengea uwanja wa zile mbio, ule wa Mos Espa, kwa katoni, na mashabiki tumia pamba za masikio, zipake rangi tofauti uzichomeke kwa wingi. Hata wenyewe walifanya hivo hivo, ule uwanja wa muvi ulikuwa modeli, na watu wengi unaowaona majukwaani ni pamba za masikio zilizopakwa rangi, laki kadhaa, wakawa wanazipulizia upepo kwa chini zionekane zinacheza. Sisi upepo tunao wa bure. Ila kusi ikivuma sana ingia uani, sababu injini ikishabebwa na upepo ikaangukia dari ya makuti ya jirani, hiyo andika imekwenda, chonga nyingine na uipime tena na zile tatu.