Kupima pengo la kipato mtaani kwa daftari na kikokotoo

Usianze na "unapata shilingi ngapi?" Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mshahara wa kutaja, na mwenye nao hutaja pungufu. Uliza matumizi: chakula cha siku 7 zilizopita (zidisha kwa 4.3 upate mwezi), kodi ya nyumba, na ada ya mwaka uigawe kwa 12. Mahindi ya shambani yathaminishe kwa bei ya soko, la sivyo mkulima ataonekana fukara kuliko alivyo. Jumla ya kaya igawe kwa idadi ya wanaokula humo.

Panga namba kuanzia ndogo. Tuseme ni kaya 10, kwa maelfu ya shilingi: 40, 50, 60, 60, 70, 80, 90, 110, 140, 300. Jumla 1,000. Zidisha kila namba kwa nafasi yake (40×1, 50×2, hadi 300×10) na ujumlishe: 7,160. Zidisha kwa 2, gawanya kwa 10×1,000: 1.432. Toa 11/10, yaani idadi ya kaya ukiongeza moja, ukagawanya kwa idadi yenyewe. Jibu ni 0.332.

Hiki ndicho kipimo cha Gini, alichokitoa Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri ni usawa kamili. Kikikaribia 1, wachache wameshika karibu kila kitu. Afrika Kusini mwaka 2014 ilikuwa 0.63.

Kazi huharibikia getini. Nyumba ya ukuta mrefu haifunguliwi, mdodosaji anaenda ya jirani. Ondoa ile 300, urudie hesabu kwa kaya 9: 0.21! Pengo lipo palepale, ila tajiri hakuhojiwa. Rudi jioni, rudi Jumapili, lakini usimbadilishe na jirani.

Gini haionyeshi chanzo cha pengo. Kwa hiyo andika pia pesa ya kila kaya inatoka wapi: kibarua, duka, wapangaji, ndugu aliye nje. Kaya za juu zikiwa zinaishi kwa kodi inayolipwa na za chini, pengo linajilisha lenyewe kila mwezi. Kisha uliza nani ameacha kikoba kwa kushindwa hisa, na nani amehamishia watoto shule ya kulipia. Wazazi wenye sauti wakihama, upungufu wa madawati hukosa wa kuufuatilia.

Mwakani pima mwezi uleule. Ukipima baada ya mavuno, kisha ukarudi Januari ya ada, tofauti utakayoiona huenda ni ya msimu tu.