Jinsi ya kuuona utando wa seli ukifanya kazi kwa kutumia kitunguu na chumvi

Kila nikimwonyesha mtu seli ya kitunguu kwenye hadubini ananiambia "nimeuona utando", na kila mara nasema hapana, huo mstari unaouona ni ukuta wa seli. Utando wenyewe ni ngozi laini inayoifunika seli kwa ndani ya huo ukuta, unene wake ni kama nanomita 7 tu, hadubini ya kawaida haiwezi kuuonyesha, ila unaweza kuubana mpaka ujulikane ulipo na ndo tutafanya hapa.

Tafuta kitunguu chekundu (cheupe hakina rangi, utapata shida kuona), slaidi na kioo chake cha kufunikia, kibano, wembe, chumvi na tishu.

Hatua ya 1. Koroga gramu 5 za chumvi kwenye mililita 100 za maji, weka pembeni.

Hatua ya 2. Chukua tabaka moja la kitunguu, upande wa nje wenye zambarau uchanje kidogo na wembe halafu vuta ile ngozi nyembamba kwa kibano. Kipande cha milimita 5 kinatosha. Kikitoka kinene tupa, chukua kingine, mi mwenyewe huwa natupa viwili vitatu kabla sijapata kizuri.

Hatua ya 3. Kitandaze kwenye tone la maji, shusha kioo taratibu kuanzia upande mmoja ili viputo vya hewa visibaki, anza na lenzi ndogo. Utaona seli kama matofali yaliyopangwa, zambarau imejaa mpaka kwenye kona.

Hatua ya 4. Hapa ndo penyewe. Dondosha maji ya chumvi ukingoni mwa kioo, upande wa pili gusisha tishu ivute maji, na usitoe jicho. Baada ya muda mfupi zambarau inaanza kubanduka kwenye kona, halafu pembeni, mwisho inajikusanya katikati kama puto lililopungua upepo, ndani ya boksi ambalo halijasogea hata kidogo. Boksi ni ukuta. Rangi iko ndani ya vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli, na utando umeifuata kwa nje yake karibu kabisa, kwahiyo ukingo wa zambarau ndo unakuonyesha utando umefika wapi.

Sasa kwanini imetokea hivyo? Utando ni tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia), vichwa vinapenda maji vimeangalia nje na ndani, mikia inayakimbia maji imefichwa katikati, na hapo katikati pana mafuta mafuta ambayo ioni za chumvi zenye chaji haziwezi kuyapita. Maji yanapita, hasa kwenye vijia vya protini vinavyoitwa akwaporini, Peter Agre alipewa Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua. Basi maji yanatoka kufuata chumvi, chumvi inabaki nje. Na ile nafasi kati ya ukuta na utando imejaa nini? Wengi wanajibu hewa. Ni maji ya chumvi, kwasababu ukuta wa selulosi unayapitisha bila shida.

Hatua ya 5. Rudia kwa maji safi, seli itajaa tena. Usichelewe, zikikaa sana kwenye chumvi zinakufa.

Hatua ya 6. Hii watu wanairuka, tafadhali usiiruke. Kipande kingine kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kiwekee chumvi kama mwanzo. Hakuna kinachobanduka, na zambarau imevujia kwenye maji, maana joto limeharibu protini na utando umepasuka pasuka, hauzuii kitu tena, wakati ukuta bado umesimama vilevile.

Hatua ya 7. Chora hizo seli mbili ubavu kwa ubavu, iliyo hai kwenye chumvi na iliyochemshwa. Mshale wa "utando" kwenye ile ya kwanza uuelekeze kwenye ukingo wa zambarau, sio kwenye boksi.