Kusuka mabinti wawili Jumamosi moja

Mtoto akiona kitana akakimbilia uvunguni, kosa si lake. Mara iliyopita alichanwa nywele kavu, au alisukwa mistari ikakazwa mpaka macho yakavutika. Mtindo wenyewe unaitwa twende kilioni, lakini hakuna aliyesema kilio kiwe cha mtoto.

Igawe kazi. Ijumaa jioni fumua mistari ya zamani, Jumamosi asubuhi osha na usuke. Ukirundika vyote siku moja, wa pili atakukuta vidole vimekufa ganzi na yeye ana usingizi. Anza na mdogo, akiwa ameshakula. Mkubwa huweza kungoja, na ukimpa kazi ya kushika chupa ya maji hujiona fundi msaidizi.

Andaa chanuo la meno mapana, kitana chenye mkia, chupa ya kupulizia maji, mafuta ya nazi, fulana kuukuu ya pamba, mkeka na stuli fupi. Kila mtoto awe na chanuo lake, maana mapunye huhama kwa kitana. Ukiona baka la duara lenye magamba na nywele zimekatika, usilifunike kwa mafuta ukidhani ni mba. Mpeleke zahanati: mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa sababu dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya shina la nywele.

Kuosha hakuna maajabu. Gawa nywele mafungu manne, uyasokote kila moja lisichanganyike na jenzake. Changanya kijiko cha chai cha shampuu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina kichwani, sugua ngozi kwa ncha za vidole, si kucha. Sabuni ya mche iache kwenye nguo; hukausha nywele zikawa kama katani. Suuza mpaka maji yatoke safi, kisha bonyeza kwa fulana bila kufikicha, kwani kufikicha ndiko kunakofunga mafundo.

Kwenye kuchana ndipo vilio vingi huzaliwa. Chukua fungu moja, pulizia maji, paka nusu kijiko cha chai cha mafuta. Mkono wa kushoto ulishike fungu katikati, kwa nguvu, ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kichwani. Sasa chana ncha tu, sentimita mbili au tatu. Zikilainika, panda kidogo, na tena kidogo, hadi shinani. Ukianzia shinani unayasukuma mafundo yote yajazane mwishoni, na hapo kitana hakipiti tena. Fundo sugu liongeze mafuta, ulipasue kwa vidole.

Kusuka: keti kwenye stuli, mtoto akae mkekani katikati ya miguu yako. Wa miaka mitatu anatoshwa na mabutu manne, dakika 20 yamekwisha. Wa miaka sita au saba mpige mistari sita hadi minane, kutoka kwenye paji kwenda kisogoni. Kama anasoma, uliza kwanza shule inaruhusu mtindo gani. Pasua njia kwa mkia wa kitana. Vile vinywele laini vya ukingoni na kwenye panja viache nje, anza nyuma yake. Mizunguko miwili ya kwanza iwe milegevu, kaza kidogo ukishafika utosini. Watu hufanya kinyume, wanakaza mbele ili mistari idumu, na ndiyo maana panja za wasichana wengi huliwa mapema.

Ukimaliza mwambie anyanyue nyusi. Akishindwa, au ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, fumua mstari huo papo hapo, hata kama umetoka vizuri. Dawa za maumivu na mafuta havitaulegeza.

Shanga zinapendeza, ila kwa aliye chini ya miaka mitatu ziache. Zikidondoka huishia mdomoni. Mpira mwembamba wa rangi hukata nywele unapouvuta, kwa hiyo ukate kwa mkasi au tumia uzi wa sufu. Usiku wavae kilemba chepesi. Mistari ikae wiki mbili. Ukiiacha mwezi, shina linajisokota na Ijumaa ya kufumua itakula hadi saa nne usiku.