SOMO: Krismasi ya nyumbani bila mbwembwe, hesabu ianzie Januari

Mikrismasi ya barabarani ikishachanua maua mekundu na nauli za Moshi zikianza kujadiliwa vijiweni, kila mtu wa Dar anapiga hesabu moja: safari hii nafika nyumbani na nini? Somo hili ni la wale wanaopanda kwenda kijijini Desemba. Mifano yangu mingi ni ya Kilimanjaro, maana ndiko ninakokwenda. Wa Mbeya, Bukoba na Songea mtabadilisha majina ya vyakula, mengine ni yale yale.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Zawadi nzuri ya sikukuu ni ile ambayo tarehe 15 Januari, wewe umesharudi kwenye foleni za Ubungo, kule nyumbani bado inafanya kazi. Ukipima kila kitu kwa kipimo hicho, vitu vingi vitajiondoa vyenyewe kwenye orodha.

Hatua ya 1: Toa pesa ya Januari kwanza

Kabla hujaandika jina la mtu yeyote, andika Januari. Kodi ya nyumba, na wenye nyumba wengi bado wanataka miezi mitatu au sita kwa mpigo. Ada kwa mwenye mtoto shule binafsi. Hata shule za serikali, ambako ada ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, sare, viatu na madaftari havigawiwi bure. Halafu nauli ya kurudi. Hiyo iweke kando kabisa, usiichanganye na ya kwenda. Wanaohangaika stendi ya Moshi wiki ya kwanza ya Januari wote walikuwa na nauli ya kwenda.

Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kikiwa elfu themanini, basi sikukuu yako ni ya elfu themanini, na mikopo ya kwenye simu isikusogelee. Wenye vikoba nao najua mnavunja Desemba na kugawana. Pesa ile ilikuwa na kazi yake mlipoanza kuweka hisa. Kumbukeni ilikuwa kazi gani.

Hatua ya 2: Ndugu mkubaliane kabla ya kupanda basi

Gharama kubwa ya sikukuu zetu inatokana na ndugu kushindana kimya kimya. Kaka kaja na televisheni, dada kaja na mfuko wa mchele, anajiona mdogo, mwaka unaofuata anakopa. Dawa yake ni kuongea mapema, kwenye kundi la familia au kwa simu, mkubwa wenu akiongoza.

Kubalianeni mambo matatu. Mbuzi ni mmoja, wa kuchanga, na kila mtu ajue kiasi chake. Ndafu ni mbuzi mzima wa kuchoma, si lazima kila aliyetoka mjini achome wake, na mgawo wa nyama una utaratibu wake ambao wazee wanaujua kuliko sisi. Pili, gaweni vyakula kwa majina: fulani sukari na majani ya chai, fulani mafuta na mchele, fulani sabuni ya mche na chumvi. Vinginevyo mtafika na sukari kilo 30 na chumvi hamna. Tatu, kinywaji. Mbege inatoka kwa ndizi mbivu na ulezi, na inachukua siku kadhaa mpaka iive, kwa hiyo anayepika apigiwe simu mapema na atumiwe hela ya ulezi. Mkifika tarehe 24 bila kumwambia mtu, mtaishia kununua kreti kwa bei ya sikukuu.

Zawadi za watu wazima kwa watu wazima, choteni majina. Mko tisa? Kila mmoja anachota jina moja, ananunua zawadi moja, na kiwango cha juu mnakipanga pamoja. Shemeji mpya naye aingizwe, asibaki pembeni anatazama wenzake wakipokea.

Hatua ya 3: Jua mtu anakosa nini

Hapa ndipo pa kutulia. Usimpigie mama ukamuuliza, "Nikuletee nini?" Atakujibu, "Njoo tu mwanangu, nikuone." Muulize habari za nyumba. Paa la jikoni linavuja bado? Usiku anasomea Biblia taa gani? Maji anachota nani siku hizi? Kisha mpigie yule binti anayeishi naye, huyo ndiye mwenye siri zote. Atakwambia bibi anaisogeza Biblia mbali na macho mpaka mkono unamwishia. Hapo zawadi ni kumpeleka hospitali apimwe macho na kumlipia miwani yake. Usimnunulie ya kubahatisha barabarani.

Mtungi wa gesi umekuwa zawadi ya fasheni, hasa tangu serikali izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024. Ni zawadi nzuri, ila jiulize mtungi ukiisha Februari nani anajaza. Kama huna jibu, utakuta umegeuzwa stuli. Mpe mtungi pamoja na ahadi ya kujaza, na ahadi hiyo umwambie muuza gesi wa pale senta, ili mama asilazimike kukuomba kila mara.

Khanga haijawahi kuniangusha, lakini kuna khanga na khanga. Pale mtaa wa Uhuru, Kariakoo, usikubali kukunjuliwa nusu. Fungua doti nzima, soma maandishi mpaka mwisho, maana mwenye kusomwa ni yule atakayeivaa. "Nani kama mama" inafaa kwa mama, lakini ukampe shangazi yenye mafumbo ya kumsuta jirani, utaanzisha kesi. Shika kitambaa, kitazame kwenye mwanga: ile nyepesi inayoonyesha vidole ikifuliwa inakuwa chujio. Halafu malizia kazi. Doti inauzwa vipande viwili vikiwa vimeungana, kwa hiyo ipeleke kwa fundi aikate na kupinda ncha, uiloweke kwenye maji ya chumvi, uianike, uipige pasi. Mama akiipokea anajifunga papo hapo kwenda kanisani. Hizo hela chache za fundi ndizo zinazoonyesha ulimfikiria.

Kingine ni picha. Simu zetu zimejaa picha za watoto ambazo bibi yao anazionyeshwa sekunde mbili halafu simu inarudi mfukoni. Chagua chache, nenda studio kasafishe, weka moja kwenye fremu. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu majina na mwaka. Na ukiwa nyumbani, mrekodi mzee akisimulia mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, nani alizikwa wapi, nani alioa wapi. Hiyo ni zawadi kwenu nyie, na haigharimu hata shilingi.

Wapenda miche: parachichi za kupandikiza zinaanza kuzaa kwa takriban miaka mitatu, na mzee anafurahi kuliko shati. Tatizo ni majira. Vuli inaishia Desemba, Januari na Februari jua linawaka, masika yanaanza Machi. Mche uliopandwa tarehe 27 Desemba na kuachwa bila mtu wa kuumwagilia utakauka. Ama mlipe kijana wa jirani amwagilie mpaka mvua zianze, ama chimbeni mashimo pamoja sasa, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, mchanganye udongo wa juu na samadi, halafu Machi utume hela ya miche.

Hatua ya 4: Watoto

Nguo mpya ya Krismasi msimnyime mtoto kwa jina la kubana matumizi. Anaihesabia siku tangu Oktoba. Ila mpya maana yake ni mpya kwake. Nenda soko la mitumba, Memorial pale Moshi au Karume kwa wa Dar, ukichagua kwa jicho zuri, ukafua na kunyoosha, gauni linatoka limenyooka.

Na jamani, madaftari si zawadi. Ni mahitaji. Mtoto akifungua kifurushi akakuta kaunta buku nne na rula, atasema ahsante kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, basi. Vya shule mpeni mama yake kimya kimya. Mtoto mpe kitu cha kuchezea au cha kusoma: mpira, kitabu cha hadithi, bao na kete zake, au mtengenezeeni gari la waya pamoja, mchana kutwa.

Hatua ya 5: Kukabidhi

Karatasi za kumetameta ziacheni. Kikapu cha ukindu kinabeba zawadi na chenyewe kinabaki zawadi, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo mnakihitaji kwa vyovyote. Weka ndani karatasi yenye mistari mitatu ya mwandiko wako. Pesa kwa wazee inatolewa faragha, mikono miwili, na hakuna kupiga picha anayepokea.

Kama kuna aliyekosana na mwenzake, huo ndio wakati. Kwetu Uchaggani jani la sale lina uzito wake: ukimpelekea mtu sale kuomba msamaha, si rahisi akukatalie. Nimeona ndugu waliogombania mpaka wa shamba wakikaa meza moja, bila zawadi nyingine yoyote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: Mume wangu anataka tukodi gari ya kupanda nayo Moshi, anasema hawezi kuonekana ameshuka kwenye basi. Nimwambieje?
Mpe karatasi, aandike gharama ya kukodi kwa siku zote mtakazokaa, mafuta kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 1,000. Kisha pembeni aandike ada ya Januari. Usiongeze neno. Kama mnabeba mgonjwa au mzee, hapo kukodi kuna maana, na mimi ningekodi.

Mwanachama wa Morogoro: Shangazi yangu kila mwaka anasema mbele za watu, "Wa mjini mmekuja mikono mitupu." Nafanyaje?
Mwendee nyumbani kwake siku ya kwanza, kabla hajaja kwenu. "Shikamoo shangazi, nimeona nianzie kwako." Kilo mbili za sukari zikitanguliwa na miguu yako zina heshima kuliko bahasha aliyoidai. Wengi wanaolalamika hadharani wanalalamikia kutotembelewa. Na kama bado atasema, cheka, mwamkie tena, pitisha chai. Usijitetee kwa hesabu za mshahara mbele ya watu.

Mwanachama wa Tanga: Sisi ni Waislamu, somo hili linatuhusu?
Linawahusu kwa Iddi, na nyie mna faida, kwa sababu zaka ya fitri inatangulia: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, inamfikia mhitaji kabla ya swala. Maana yake sikukuu inaanza kwa kumkumbuka asiye nacho. Palipoharibika ni kwenye nguo na mkono wa Iddi, watoto wanalinganisha noti. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupatana kiwango kimoja kidogo kwa wote. Sarafu mpya zinazong'aa zinawafurahisha wadogo kuliko noti iliyochakaa.

Mwanachama aliyeko Muscat: Mwaka huu sipati ruhusa ya kuja. Nikituma hela inayeyuka, sijui inaenda wapi.
Gawa mafungu, dada yangu. La chakula zungumza na mwenye duka la kijijini, umlipe yeye, mama akachukue vitu. La shule lilipwe shuleni, utumiwe risiti. La mama mwenyewe mtumie na ya kutolea, na usimuulize kalifanyia nini, hilo ni lake. Halafu tuma sauti ndefu, dakika kumi, ukiwaamkia mmoja mmoja kwa jina. Waisikilize wote pamoja siku yenyewe.

Mwanachama wa Iringa: Kama sina kitu kabisa mwaka huu? Nisiende?
Kama nauli ya kwenda na kurudi ipo, nenda, na sema mapema: "Mwaka huu nakuja na mikono yangu." Kisha ifanye kazi. Rekebisha mlango wa banda la ng'ombe, pogoa kahawa, mfulie mama mablanketi yote yale mazito asiyoyaweza tena. Kama nauli haipo, piga simu tarehe 20, usingoje tarehe 25 watu wakiwa wanakuangalia njiani.

Mwanachama wa Kimara: Wakati wa kurudi wananijazia ndizi, maparachichi na maharage mpaka naona aibu, nao hawana.
Pokea vyote. Ukikataa umewaambia chako kina thamani na chao hakina. Omba tu mkungu usiwe umeiva, maana hadi ufike Chalinze utakuwa uji, na uandike jina lako na namba ya simu kwenye kiroba kabla hakijaingia buti ya basi.