Unataka ukocha wa besiboli chuoni Marekani, na baadaye ukurugenzi wa michezo? Anzia hapa

Vijana wetu waliokulia huku Marekani wananiuliza sana hii kitu. Wengi wamecheza besiboli hai skuli, mkono ukaumia au spidi ikagoma, sasa wanataka ukocha. Haya, nawapa ninavyoijua.

Kwanza jifunze kugawa kidogo kwa wengi, hii ndo kazi yenyewe, ya kuchezesha utaizoea tu. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni 1 (daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) ilikuwa na skolashipu kamili 11.7, basi, na vijana 35 kwenye kikosi, na hizo 11.7 ruksa kuwagawia watu 27 tu, kila anayepewa asipungue robo ya gharama. Sasa piga picha, mrushaji wako wa Ijumaa (yaani yule bora kuliko wote) umempa asilimia 60, mdakaji 50, halafu jioni uko sebuleni kwa watu, umekaribishwa na juisi, unamweleza mama mtu kwamba mwanae ni hatari sana uwanjani ila robo tatu ya ada atatoa yeye. Ukiweza hiyo bila kudanganya na bila kufukuzwa, umefuzu. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House (wanariadha walioishtaki NCAA) vimeachana na hiyo hesabu, sasa kikomo ni wachezaji 34 na chuo kinaweza kuwalipia wote kikitaka, ila hapo kwenye "kikitaka" ndo pana kazi. Divisheni 3, daraja la chini, wenyewe hawatoi skolashipu ya michezo kabisa.

Kuingia unaingiaje? Ukiwa bado unasoma digrii mfate kocha wa chuo chako, omba kazi yoyote, kurekodi takwimu, kushika mashine ya kupima spidi, kubeba mipira. Ukimaliza tafuta nafasi ya usaidizi unaoendana na masters, chuo kinakulipia ada na posho kiduchu, wewe unawatumikia. Soma utawala wa michezo, itakufaa mbele.

Na uwanja ni wako, usishangae. Mechi ikiisha wenzako wanaoga, wewe uko kwenye kilima cha mrushaji, pale mguu wake unapotua pamechimbika shimo, unafagia vumbi, unalowesha kidogo, unajaza udongo wa mfinyanzi, unashindilia na kile chuma chenye sahani bapa chini mpaka usikie mlio umebadilika, unafunika. Ukizembea, kesho mtu anateguka kifundo. Mvua nayo ikianza, mbio kwenye turubai, na lile dude likishika maji ni zito balaa.

Hela usiulize mapema. Mpaka katikati ya 2023 kule Divisheni 1 kulikuwa na kocha msaidizi "wa kujitolea", yaani kazi full taimu, mshahara wa chuo sifuri, anajikimu kwa kambi za watoto za kiangazi na kufundisha watu binafsi. Siku hizi ruksa kumlipa, ila vyuo vidogo bado utakula kwa kubanabana.

Mtu wa kumsoma ni Skip Bertman. Alianza hai skuli ya Miami Beach, akawa msaidizi wa kocha Ron Fraser pale Chuo Kikuu cha Miami, 1984 akachukua timu ya LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, chuo cha futiboli (ile ya Kimarekani) ambapo besiboli ilikuwa mtoto wa kambo. Mpaka anatoka 2001 ana mataji 5 ya taifa. La 1996 mpaka leo watu wanalisimulia, mjini Omaha, fainali dhidi ya Miami hiyohiyo aliyotoka, iningi ya 9 ambayo ndo ya mwisho, wawili wameshatoka, akitoka wa 3 imekwisha, LSU wako nyuma kwa ranu (pointi) moja na mtu yuko kwenye besi ya 3, Warren Morris ambaye msimu mzima hajapiga homrani (mpira unaovuka uzio) hata moja, anapiga. 9-8, mchezo kwisha.

Ila mimi namsifia zaidi kwa kilichofuata, 2001 akakalia kiti cha mkurugenzi wa michezo, akawaambia mashabiki wa futiboli wachangie hela juu ya tiketi ili wabaki na viti vyao. Watu walinuna! Ila mtu aliyeshagawa 11.7 kwa kikosi kizima kununiwa ameshazoea.

Ukifika kiti hicho, besiboli inakuwa kona ndogo. Divisheni 1 chuo lazima kiwe na michezo isiyopungua 14, na sheria ya Title IX ya 1972 inadai wanawake wapate fursa sawa, hivyo huwezi kuwajengea wavulana uwanja wa kifahari wakati dada zao wa softiboli wanabadilishia nguo kwenye gari. Utaajiri makocha, utawafukuza (hii inauma kuliko kufungwa), utakula chakula cha jioni na matajiri wanaotaka jina lao ukutani.

Njia ya mkato ipo, vyuo vidogo, huko NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo), Divisheni 3 na vyuo vya miaka 2, unakuta mtu mmoja ndo kocha ndo mkurugenzi. Usividharau, bajeti unaishika mwenyewe ungali kijana.

Na kila Januari chama cha makocha wa besiboli, ABCA, kinafanya mkutano wao mkuu. Nenda hata kama huna kazi, hasa kama huna. Beba CV zilizochapwa na viatu visivyobana, maana utashinda umesimama.