Kusoma hisia za soko kupitia bei lengwa za wachambuzi, hatua kwa hatua

Bei lengwa ni bei ambayo mchambuzi anatarajia hisa iifikie, kwa kawaida ndani ya miezi 12. Wawekezaji wengi huchukua wastani wa bei hizo, wakaulinganisha na bei ya leo, wakiona kuna nafasi ya kupanda wananunua. Mimi sishauri hivyo. Kama utabiri, bei lengwa hukosea mara nyingi. Faida yake ni pale inapobadilishwa: nani kaibadilisha, lini, na kwa sababu gani. Ukifuatilia hayo utaiona hali ya soko ikigeuka.

Hatua ya 1: Kusanya mwenyewe

Fungua lahajedwali na umpe kila mchambuzi mstari wake. Andika tarehe, bei lengwa ya zamani, bei lengwa mpya, pendekezo (nunua, shikilia au uza) na bei ya hisa siku moja kabla ya badiliko. Safu hii ya mwisho usiiruke, itakufaa katika hatua ya 6. Bei lengwa zilizotolewa kabla ya matokeo ya robo mwaka ya karibuni zitenge pembeni, kwa sababu zimejengwa juu ya taarifa zilizopitwa na wakati.

Angalia pia kama hisa ziligawanywa. Juni 2024 Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, iligeuza kila hisa moja kuwa kumi, kwa hiyo bei lengwa ya dola 1,200 ya kabla ya hapo ni sawa na dola 120 baada yake. Bila kurekebisha, daftari lako litaonyesha anguko ambalo halikutokea.

Hatua ya 2: Tafuta ya katikati

Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue iliyo katikati. Wastani huvutwa na mchambuzi mmoja mwenye namba ya ajabu. Andika pia pengo kati ya ya juu kabisa na ya chini kabisa. Likipanuka mwezi hadi mwezi, wachambuzi hawakubaliani tena kuhusu kampuni hiyo.

Hatua ya 3: Pima mwelekeo

Kila baada ya wiki nne, chukua idadi ya waliopandisha, toa waliopunguza, kisha gawa kwa wachambuzi wote. Tuseme wako 14, saba wamepandisha na wawili wamepunguza: 7 − 2 = 5, gawa kwa 14, unapata takriban 0.36. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ikitoka 0.36 ikashuka hadi 0.1, halafu sifuri, na hisa bado inapanda, basi imani ya wachambuzi inapungua wakati wanunuzi bado wana furaha. Mimi huanza kuwa makini hapo.

Hatua ya 4: Ivunje bei lengwa vipande viwili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naithamini kuliko zote. Wachambuzi wengi hufikia bei lengwa kwa kuzidisha faida wanayoitarajia kwa kila hisa na kizidishio, yaani mara ngapi ya faida hiyo wanaona soko litakubali kulipa. Faida ya dola 5 ikizidishwa kwa 20 inatoa dola 100.

Sasa bei lengwa imepanda hadi dola 120. Huenda mchambuzi anatarajia faida ya dola 6 na kizidishio kimebaki 20: biashara yenyewe imeimarika. Huenda pia faida imebaki dola 5 na kizidishio kimefika 24. Kampuni ni ileile. Kilichopanda ni utayari wa watu kulipa zaidi kwa faida ileile. Hizo ndizo hisia za soko, na huweza kuyeyuka haraka, kwa mfano riba zinapopanda. Soma ripoti au muhtasari wake ujue ni kipande kipi kimesogea. Wengi wakipandisha kizidishio bila kugusa faida, shauku imeitangulia biashara.

Wengine hutumia thamani ya sasa ya fedha zijazo, yaani hukadiria fedha ambazo kampuni itaingiza miaka ijayo na kuzigeuza kuwa thamani ya leo. Kwao angalia kiwango cha punguzo (asilimia wanayotumia kushusha fedha za baadaye) na ukuaji waliouweka.

Hatua ya 5: Usiliamini sana neno "nunua"

Mwaka 2003 kampuni kumi kubwa za uwekezaji nchini Marekani zilikubali kulipa takriban dola bilioni 1.4 kumaliza madai kwamba uchambuzi wao ulishawishiwa na biashara ya benki ya uwekezaji, yaani kazi ya kuzisaidia kampuni hizohizo zinazochambuliwa kuuza hisa na kukusanya mtaji. Kanuni zilikazwa, lakini pendekezo la "uza" bado ni adimu. Kwa hiyo anayebakiza "nunua" huku akipunguza bei lengwa mara mbili mfululizo, mhesabu kama aliyepoteza imani.

Hatua ya 6: Tenganisha anayetangulia na anayefuata

Tarehe 27 Oktoba 2022 hisa ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilianguka takriban asilimia 24 baada ya matokeo ya robo mwaka, na wachambuzi wengi wakapunguza bei lengwa zao. Punguzo la namna hiyo linafuata bei. Halikuambii jambo ambalo soko halijui. Rudi kwenye safu ya bei ya siku iliyotangulia: kama hisa ilikuwa imetulia na mchambuzi akabadilisha makadirio ya faida, huyo ametangulia; wekea mstari huo rangi. Kila mwezi rudia hesabu ya hatua ya 3 kwa mistari yenye rangi pekee, uilinganishe na ile ya wote.