Namna ya Kuchagua Pampu ya Mafuta kwa Subaru Yenye Turbo

Mwenye Subaru Impreza WRX anapofunga turbo kubwa zaidi au kuomba kompyuta ya injini ipangwe upya, pampu ya mafuta huwa spea ya mwisho kuikumbuka, pengine kwa sababu imefichwa ndani ya tangi na haina mlio wa kuuonea fahari. Hata hivyo, uhai wa pistoni umo mikononi mwake. Petroli ikipungua wakati turbo inasukuma hewa kwa nguvu, joto ndani ya silinda hupanda, mchanganyiko huripuka kabla ya wakati wake, na kingo nyembamba zinazoshika ringi za pistoni humeguka.

Kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote, piga hesabu ya mafuta ambayo injini itayanywa. Kwa injini ya petroli yenye turbo, kila nguvu moja ya farasi huhitaji takribani lita 0.38 kwa saa. Tuseme unalenga nguvu 350: hiyo ni lita 133 kwa saa, na ukiongeza robo yake kama akiba ya siku za joto na ya pampu itakayochakaa, unafika lita 166. Nguvu inayohesabiwa hapa ni ya injini yenyewe, kwa hiyo aliyepimiwa gari kwenye magurudumu hana budi kurudishia kile kilicholiwa na gia na difu njiani.

Sasa tazama namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Pampu inayoitwa ya lita 255, kama ile ya Walbro ambayo mafundi wa Subaru wameizoea kwa miaka mingi, hutoa lita hizo kwa presha na volti fulani tu, na presha ikipanda lita hushuka. Katika gari hili presha ya mafuta ni bari 3 (bari ni kipimo cha presha) wakati turbo haijaanza kusukuma. Nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, hufungukia ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, na turbo ikijaza humo bari 1.3 za hewa, mafuta yangeshindwa kutoka ipasavyo kama kidhibiti presha kisingepandisha presha ya mafuta kwa kiasi kilekile. Nozeli yenyewe haioni tofauti yoyote, lakini pampu sasa inasukuma dhidi ya bari 4.3. Kwa hiyo mwombe muuzaji grafu ya pampu, utafute bari 4.3 kwenye mstari wa presha, na usome lita zilizopo hapo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha grafu anakuuzia boksi.

Grafu hiyohiyo huonyesha mstari mmoja wa volti 13.5 na mwingine wa volti 12, na pengo kati yake si dogo: volti zikishuka, lita hushuka pia. Niliwahi kupima gari la rafiki yangu lililokuwa likikosa mafuta kila lilipopita mizunguko 5,500 kwa dakika, ingawa gereji moja ilikuwa imemfungia pampu kubwa mara mbili ya aliyoihitaji. Betri ilionyesha volti 13.9; kwenye plagi ya pampu, injini ikiwa na mzigo, nikakuta 11.6. Waya za kiwandani zilikuwa nyembamba kwa umeme uliovutwa na pampu ile, na zilikuwa za moto ukizigusa. Tulivuta waya mnene kutoka kwenye betri, tukaweka fyuzi karibu na betri, rilei mpya, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Pampu ileile ikatosha bila kubadilishwa kitu kingine.

Hii isikufanye ununue kubwa kupita kiasi. WRX za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina kifaa kinachoendesha pampu kwa asilimia 33, 66 au 100 kulingana na mzigo, na kifaa hicho kisipotumika, pampu kubwa huzunguka kwa kasi moja tu muda wote, petroli nyingi hurudi tangini ikiwa imepata joto, na kidhibiti presha cha kiwandani huweza kuzidiwa gari likiwa limesimama. Kwa nguvu 350 za petroli ya kawaida, pampu ya lita 255 iliyo halisi inatosha. Ile ya lita 450 iachie anayetumia E85, mafuta yenye ethanoli nyingi yanayohitaji ujazo zaidi kwa takribani theluthi, au anayelenga nguvu kubwa kweli.

Nimesema iliyo halisi kwa sababu pampu feki zimezagaa. Bei ya kutupa na maandishi yaliyochapwa hovyo kwenye mwili wa pampu yatoshe kukuondoa dukani.

Wakati wa kufunga, toa fyuzi ya pampu na uache injini iungurume hadi izime yenyewe ili presha iishe, kisha uchomoe hasi ya betri. Mfuniko wa tangi kwa kawaida uko chini ya kiti cha nyuma. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na sigara na taa ya kuchomeka ukutani. Badilisha chujio la chini ya pampu na ringi ya mpira, na mpira unaounganisha pampu ndani ya tangi uwe ule uliotengenezwa kuzama kwenye petroli, kwa maana mpira wa kawaida huoza kwa nje, ukapasuka na kuvujisha presha humohumo tangini ambamo huwezi kuuona.

Baada ya hapo funga geji ya presha na kipima mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha upandishe msukumo wa turbo kidogo kidogo. Presha ya mafuta ipande bari kwa bari na msukumo. Ikibaki nyuma, ondoa mguu mara moja. Na kwa kuwa tangi la Subaru limegawanyika pande mbili, lisishuke chini ya robo siku ya kuendesha kwa kasi, kwa sababu kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja na pampu, hata iwe ya bei gani, huvuta hewa.